Kioo cha Mwalimu Namkunda

Vijana wangu wa pale dukani, tangu nirudishe funguo mmekuwa mkinisumbua: andika, Fundi, andika. Haya, naandika. Ila msitegemee habari za kupanda cheo. Katika duka lenye meza mbili na feni moja mtu apande aende wapi, juu ya bati? Nitaandika yale ambayo hamtayakuta kwenye video mnazotazama, na hasa habari ya vioo vya kompyuta, maana kioo ndicho kitu ambacho mafundi wengi hukidharau. Mashine ikisumbua, kila mtu anakimbilia diski na kumbukumbu. Kioo kikiwaka tu, mnasema kizima, mnaenda kunywa chai.

Kazi niliianza kwa Mzee Mshana, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni karibu na stendi ya Same. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya kupakia rangi, akanionyesha televisheni ya mteja wa Makanya, akasema nifute vumbi. Wanaoijua Makanya wanaijua jasi: vumbi lake jeupe hupenya hata pasipo na tundu. Nilipiga chafya mpaka jioni, nikajifunza kwamba nusu ya ufundi wa huku kwetu ni kupambana na vumbi. Nusu ya pili ni kupambana na wenye vumbi lao, ambao hawakubali kwamba ni lao.

Kompyuta zilipoanza kuingia wilayani, mzee alikuwa ameshachoka mwili, lakini hakuziogopa. Alisema ni televisheni zilizokwenda shule. Ya kwanza tuliyoitiwa ilikuwa ya karani mmoja aliyeumwa kichwa kila siku ya kazi, na Jumapili akawa mzima kabisa. Alikuwa amepimwa malaria, amepimwa presha, na wenzake walishaanza kusema mvivu huyo. Kioo chake kilikuwa cha vile vya chogo, vyenye mgongo mkubwa nyuma kama televisheni za zamani. Mzee Mshana hakukigusa. Aliketi kwenye kiti cha karani mwenyewe, akageuza uso kuelekea ukutani, akakitazama kioo kwa pembe ya jicho.

"Kinapepesa," akasema. "Ukikikodolea macho hukioni. Kodolea ukuta."

Nikaketi, nikakodolea ukuta, na kweli nikakiona kikitetemeka pembeni. Picha ya kioo haisimami, vijana. Inachorwa, inafifia, inachorwa tena, na kile cha karani kilikuwa kikichorwa mara sitini kwa sekunde. Kwa vioo vya chogo hiyo ni kidogo. Jicho linachoka bila mwenyewe kujua. Tuliingia kwenye setingi, tukapunguza ukubwa wa picha kidogo, tukapandisha namba hadi themanini na tano. Karani akaacha kumeza dawa za kichwa. Njiani kurudi mzee aliniambia neno ambalo nimelishika mpaka leo: mteja akisema anaumwa, anaumwa, kazi yako ni kujua anaumwa na nini.

Baadaye vikaja vioo bapa, ambavyo havipepesi, nikadhani elimu ile imekufa na vioo vya chogo. Haikufa. Kioo bapa kikichorwa mara chache hakipepesi, kinaruka. Sogeza mshale wa kipanya haraka uone: kwenye kioo kinachochorwa mara nyingi unateleza, kwenye kinachochorwa mara chache unarukaruka kama panzi. Kwa mtu anayeandika barua hilo si kitu. Kwa mwingine ni kitu kikubwa, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Kwanza lakini niseme juu ya vizibo, kwa sababu bila vizibo kisa hiki hakieleweki. Watu wetu wana desturi ambayo sijaiona kwingine. Kompyuta ikifika nyumbani, kabla haijawashwa, matundu yake yote yasiyotumika yanazibwa. Makanya wanaziba kwa vipande vya ndala kuukuu, vilivyochongwa kwa wembe vikakaa sawasawa, kazi safi hata fundi seremala angeisifu. Ndungu hakuna jasi, ila kuna nyigu wanaojenga kwa tope la mashamba ya mpunga, na huko wanaziba kwa nta. Desturi ikapanda hadi milimani, kwenye umande na baridi, ambako hakuna vumbi la kutisha, kwa sababu mashemeji hufundishana. Juu ya vizibo kinakuja kitambaa cha kufuma. Mimi siwacheki. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili, lakini ukiona kompyuta ya zamani inafanya kazi mpaka leo, jua inatoka nyumba yenye vizibo.

Mwalimu Namkunda alikuwa akifundisha jiografia katika sekondari moja kule Shighatini. Ni mzaliwa wa Upare Kusini aliyeolewa Ugweno, rika langu, mwembamba, mwenye sauti ya kumfanya mtu mzima akae wima. Macho yake yalikuwa na ugonjwa uliokuwa ukiyala polepole kutoka pembeni kuja katikati. Daktari alishamweleza kwamba hayatarudi nyuma, ila hakuna ajuaye yatakwenda mbele kwa kasi gani. Alikuwa akitumia kompyuta mpakato ya zamani, na ndani yake programu ya kukuza maandishi: herufi moja inakuwa kubwa kama kiberiti, na ili usome mstari mmoja unasukuma kipanya, ukurasa wote unateleza mbele yako. Hivyo ndivyo alivyoandaa masomo na kusahihisha kazi za wanafunzi.

Mdogo wake aliyeko Dar es Salaam akamtumia kioo kikubwa cha mtumba, kizuri hasa, cha wacheza gemu, ili dada yake asome kwa raha. Badala ya raha yakaja mateso. Herufi zikawa na mikia. Akisoma ukurasa mmoja kichwa kinazunguka, na mara mbili alitoka nje kutapika. Akahitimisha kwamba macho yamefika mwisho wake. Akamwambia mkuu wa shule kwamba muhula ukiisha anaacha kufundisha. Mkuu wa shule hakutaka kumpoteza, wala hakutaka kubishana naye, kwa kuwa na yeye aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Akanipigia simu mimi.

"Fundi, kabla mama huyu hajaondoka, njoo ukitazame hicho kioo," aliniambia. "Kama ni macho, basi ni macho. Lakini tuwe tumetazama."

Nilipanda basi, nikateremka Mwanga, nikachukua bodaboda kwenda juu. Nilimkuta Mwalimu kwenye chumba chake cha kazi nyumbani, jirani na shule, amekifunika kioo kwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Fundi. Za Same?"

"Nzuri tu, jua limezidi. Za huku juu?"

"Za huku ni baridi na ndizi. Kaa. Mkuu wa shule amekupandisha mlima bure, huu si ugonjwa wa bisibisi. Lakini utakula kwanza."

Nikala makande, maana nyumba ya Kipare huwezi kukataa makande ukaaminiwa tena. Kisha nikaomba ruhusa nikae kwenye kiti chake. Sikufungua kitu. Niliwasha programu ya kukuza kama anavyoiwasha yeye, nikafungua kazi ya mwanafunzi mmoja juu ya mmomonyoko wa udongo, nikaanza kusoma kwa kusukuma kipanya. Sikumaliza aya mbili. Ukurasa ulikuwa ukiruka vipande vipande, na makande yakaanza kunikumbusha kwamba yapo.

"Mwalimu," nikasema, "na mimi kinanichefua."

Alikuwa amesimama mlangoni.

"Sema tena."

"Nimesoma aya moja na nusu, kichwa kinanizunguka. Na mimi macho yangu ni mazima, miwani yenyewe navaa ya kusomea tu."

Akaja akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Nilimsikia akilia, nami nikatazama pembeni. Nilimwonea huruma sana, si kwa sababu ya kichefuchefu, bali kwa zile siku zote alizokaa peke yake akiyaaga macho yake. Kisha akajifuta, sauti ikarudi mahali pake.

"Haya. Eleza. Na usinieleze kama mtoto."

Nikaingia kwenye setingi na kumwonyesha namba: thelathini. Kioo kile chenye uwezo wa mara mia na zaidi kilikuwa kikichorwa mara thelathini kwa sekunde. Hapa vijana sikilizeni, maana mtakutana nalo. Kioo kipya kikiunganishwa na kompyuta ya zamani, kompyuta hujitahidi kukijaza chote, kila nukta kati ya zile ndogondogo zinazounda picha. Tundu la HDMI, lile la kupitishia picha kwenda kwenye kioo, kwa mashine za wakati ule lina kikomo. Likilazimishwa kubeba picha kubwa mno, linapunguza mara za kuchora, wala halisemi. Hutaona onyo lolote. Picha inakuja safi kabisa, ukiiacha imesimama utaisifu. Ndiyo maana mdogo wake alipoambiwa kwa simu alijibu kwamba kioo hakina tatizo, na hakudanganya.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumweleza habari ya nukta na uwezo wa waya alipoinua mkono kunikatiza.

"Ngoja. Ni ndiva hiyo."

Nikamwomba aendelee. Kwao, alisema, ndiva ni bwawa la kumwagilia mashamba kwa zamu; maji yake ni yale yale kila asubuhi, na mfereji ni ule ule. Mwenye shamba kubwa akitaka kulinywesha lote, zamu yake hairudi upesi, na mahindi yananyauka akingoja. Mwenye kitalu cha mboga anamaliza mara moja, na zamu inarudi tena na tena.

"Sasa mimi," akasema, "ninasoma neno moja moja. Shamba kubwa la nini? Nipe kitalu, maji yarudi haraka."

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili tangu siku ile, na bado natumia la kwake. Nikapunguza ukubwa wa picha hadi robo ya nukta zake, na kwa kuwa yeye anakuza herufi hata hivyo, hakupoteza kitu. Namba ikapanda hadi sitini. Akajaribu. Mikia ya herufi ikapungua, kichefuchefu kikawa cha kuvumilika. Tundu lile halikukubali zaidi ya hapo.

"Na mfereji mpana zaidi haupo?" akauliza.

Nikaigeuza kompyuta nitazame ubavuni. Vizibo vitupu. Shemeji yake aliyewahi kufanya kazi Makanya alikuwa ameiziba mashine nzima kwa ndala ya bluu, kwa ustadi ambao ungedhani imetoka nayo kiwandani. Nikaanza kung'oa kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi, huku Mwalimu akiniuliza kama nitavirudisha. Chini ya kizibo kidogo kuliko vyote nikakuta tundu dogo la displeipoti, ambalo nalo ni la kupitishia picha ila hubeba zaidi, jipya, halijawahi kuguswa tangu mashine izaliwe. Huo ndio uliokuwa mfereji wake mpana.

Waya wake sikuwa nao. Nilirudi Same, nikaagiza, nikapanda tena mlima wiki iliyofuata. Hapa niwaonye: msinunue kile kiadapta kifupi cha kugeuza displeipoti kuwa HDMI, hata muuzaji akiapa. Utakuwa umetoka kwenye mfereji mpana ukarudi kwenye mwembamba. Waya uwe mmoja, wa moja kwa moja kutoka tundu hadi kioo, na usiwe mrefu bila sababu.

Nikaunganisha, nikiwa na uhakika mkubwa. Ikasoma sitini. Mwalimu alikuwa nyuma yangu akingoja, kama anayengoja jibu la mwanafunzi. Nikaingia kwenye menyu ya kioo chenyewe, kwa vile vitufe vya chini ambavyo hakuna mtu huvigusa, nikakuta kimewekwa kwenye displeipoti ya mtindo wa zamani. Nikakipeleka kwenye mpya. Nikaweka draiva ya picha, yaani programu ya kuiongoza, niliyokuja nayo kwenye flashi. Nikakizima kioo kidogo cha kompyuta yenyewe, kisigawane nguvu na kikubwa. Bado sitini. Ndipo nikakumbuka kwamba kompyuta ikishapata uwezo haiutumii mpaka uichagulie. Ni lazima ufungue orodha ya namba na uguse mwenyewe. Nikafungua. Chini ya sitini palikuwa na mia na ishirini. Nikagusa, kioo kikawa cheusi kwa muda wa kumfanya mtu asali, kikarudi.

"Kaa sasa wewe," nikamwambia.

Akaketi, akakisogelea kioo kama kawaida yake mpaka pua karibu iguse, akasukuma kipanya. Mstari ukateleza. Akausoma hadi mwisho bila kusimama, akarudi mwanzo akausoma tena, kwa sauti, kisha akachukua kazi nyingine, na nyingine, akasahau kwamba nipo. Nilikunja vitu vyangu taratibu. Mkuu wa shule alipopita kutuamkia alimkuta akimlaumu mwanafunzi asiyekuwepo kwa kuuweka Mto Ruvu upande usio wake, na alitoka nje akicheka peke yake. Mimi nilishuka mlima nikiwa na furaha ambayo sikuipata kwenye kazi nyingine yoyote, na mkungu wa ndizi ambao yule wa bodaboda aliulalamikia njia nzima.

Akaendelea kufundisha. Mara moja moja alinipigia simu, kunijulia hali au kuuliza jambo dogo. Miaka ikapita namna hiyo, wanafunzi wakaingia na kutoka.

Mwaka wangu wa mwisho dukani, simu yake ikaja.

"Fundi, kioo kimeharibika tena. Maandishi yanakatika katikati."

Nilibeba kila kitu: waya mpya, wa akiba, draiva, hata kioo kingine kidogo cha kujaribia. Nilimkuta amepungua mwili, lakini chai ilikuwa tayari, na kiti chake alikwishakivuta nje ili nikae. Nikaketi. Nikawasha programu ya kukuza, nikasukuma kipanya. Maandishi yaliteleza vizuri kabisa.

Nikafungua setingi: mia na ishirini. Nikatazama menyu ya kioo: kama nilivyoiacha. Nikabadilisha waya, nikijua tatizo si waya. Nikaweka draiva upya. Nikaunganisha kioo nilichokuja nacho, nikarudisha chake. Nikakaa nikakodolea ukuta na kukitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu anayetafuta sindano aliyokwisha kuambiwa haipo. Nilikuwa natafuta ubovu kwa dhati, vijana. Katika kazi yangu yote sijawahi kutamani kukuta kitu kibovu kama siku ile.

"Fundi, umenyamaza," akasema.

"Naangalia angalia."

"Umeshaangalia. Nimekusikia ukibadilisha waya mara mbili. Niambie."

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa anatazama upande niliopo, lakini kidogo pembeni, karibu na bega langu.

"Kioo kinachora vizuri, Mwalimu. Hakina kasoro."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Daktari aliniambia mwezi uliopita," akasema. "Nilimwamini. Lakini ile mara ya kwanza ni wewe uliyeniambia si macho, na ulisema kweli. Nikataka na hili niambiwe na wewe."

Nikaanza kukunja waya. Akanimiminia chai, akiongozwa na kidole kilichowekwa ndani ya ukingo wa kikombe, hakumwaga hata tone. Tukanywa. Nje wanafunzi walikuwa wakipita kurudi madarasani, na kila aliyepita dirishani alisema shikamoo, naye akaitikia marahaba na kuwataja majina kwa kuzitambua sauti zao.

Alipoweka kikombe chini akaniuliza kama ni kweli, kama alivyosikia, kwamba mashine hizi siku hizi zinaweza kusema. Nikamwambia ni kweli, hata hii yake ya zamani. Akaniuliza kwa nini basi nimekaa.

Nikapakua programu ya kusoma kwa sauti kupitia simu yangu, nikaiweka. Akaniambia nizime kioo, kinakula umeme bure. Nikasita, kisha nikakizima. Nikamwekea vidole kwenye vitufe: hiki cha kuanza kusoma, hiki cha kunyamazisha, hiki cha kurudia. Akavipapasa, akavikariri kwa kunong'ona. Halafu akafungua somo lake la kesho juu ya mabonde na mito, akabonyeza.

Mashine ikaanza kusoma kwa ile sauti yake ya puani, mbiombio, ikimeza maneno na kuruka nukta. Mwalimu Namkunda akakunja uso. Akabonyeza, ikanyamaza. Akajiweka sawa kwenye kiti, mgongo wima, mbele ya kioo cheusi.

"Polepole," akaiambia. "Darasa zima linakusikiliza."